Kibali cha kumwajiri kijana wa miaka 15 hakipo, usikitafute

Pamba imeanza kuweka vitumba, funza nao hawako mbali, na kila anayelima ekari kuanzia tano anatafuta vibarua. Kila msimu ukifika hapa, swali ni lile lile: "Bwana shamba, kibali cha kumchukua kijana wa miaka 15 kinatolewa wapi? Kwa mtendaji au pale Lagangabilili wilayani?"

Hakitolewi popote. Kibali cha kazi tunachokisikia ni cha mgeni asiye raia, kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa kijana wetu hakuna karatasi ya namna hiyo. Barua ya mtendaji, neno la mwenyekiti wa kitongoji, hata baba kukubali mbele ya mashahidi, hakuna hata kimoja kinachoweza kufanya kazi iliyokatazwa ikawa halali. Sheria inauliza mambo matatu tu: ana umri gani, anafanya kazi gani, na je, shule inaguswa?

Tuanze na umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Akifika 14 anaweza kupewa kazi nyepesi tu, yaani isiyodhuru afya wala makuzi yake na isiyomzuia kuhudhuria masomo na kuyafaidi. Kazi ya hatari ni mpaka afikishe 18, na sheria imetaja kilimo waziwazi, kwa hiyo usijifariji kwamba mambo haya ni ya viwandani na migodini. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza kwamba mtoto asifanye kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, asibebeshwe mizigo mizito, na akifanya kazi alipwe kwa thamani ya kazi aliyoifanya. Ule mtindo wa "huyu mdogo, mpe nusu" haumo humo.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Mimi ugomvi wangu mkubwa uko kwenye bomba la kupulizia dawa. Bomba la lita 16 likijaa ni kilo 16 za maji, bado hujahesabu bomba lenyewe, na ekari moja haimalizwi na bomba moja. Kijana wa miaka 15 anazunguka nalo juani, likivuja linamlowesha mgongo, na sumu nyingi za wadudu zinapita kwenye ngozi. Mwili wake bado unakua, na ni mdogo kuliko wako. Dozi inayokuumiza wewe kichwa tu inaweza kumlaza yeye. Akianza kutapika na kutokwa na jasho shambani kwako, ile barua ya mtendaji itamsaidia nini? Kuchanganya dawa, kupulizia, kufua nguo zilizopuliziwa na kuosha bomba: hizo zote ni kazi za mtu mzima aliyevaa kinga. Hapo mimi sina mjadala.

Je, ina maana kijana asiguse shamba lako kabisa? Hapana. Aliyetimiza miaka 14 anaweza kuja Jumamosi kuchuma pamba saa chache, au kukaa kivulini kutenganisha pamba safi na fifi. Mpimie kilo zake kama unavyowapimia wakubwa, umlipe hela mkononi yeye mwenyewe, na Jumatatu awe darasani. Ila ukimchukua kijana kwa sababu baba yake alikopa kwako na sasa mtoto ndiye anayelipa deni kwa jembe, hiyo imeingia kwenye kazi ya kulazimishwa. Usifike huko.

Wengi mnajitetea hivi: "Aliniambia ana miaka 19." Someni tena sheria ya 2004. Umri ukibishaniwa mahakamani, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba alichunguza na akawa na sababu ya kuamini kwamba kijana hakuwa chini ya umri. Ukikutwa na hatia, faini inaweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka mmoja, au vyote viwili. Piga hesabu hiyo ni kilo ngapi za pamba.

Nawasikia pia mnaosema, "Sisi wenyewe tumekua tukilima, na hawa watoto wanatafuta hela ya daftari." Ni kweli, Usukumani mtoto hufundishwa jembe na mifugo nyumbani, na mimi sipingi mtoto kumsaidia mzazi wake baada ya masomo. Lakini kilimo chako ni biashara. Unakodi mashamba, unauza kwa mizani, unatafuta faida. Huyo mtoto kwako ni kibarua, na anayekosa kipindi ili faida yako iongezeke ni yeye. Utafiti wa taifa wa mwaka 2014 ulikuta watoto wapatao milioni 4.2 Tanzania Bara wako kwenye utumikishwaji, na walio wengi sana wako kwenye kilimo. Tatizo liko kwenye sekta yetu sisi. Mimi naona hivi: kama hesabu ya shamba haitoki bila kumlipa mtoto nusu ya mtu mzima, basi shamba hilo ni kubwa kuliko mtaji wako. Punguza ekari.

Na soko nalo linaangalia. Mipango kama Cotton made in Africa, ambayo inafanya kazi na wakulima wa pamba nchini, haikubali aina mbaya za utumikishwaji wa watoto. Mkoa wetu unaongoza kwa pamba Tanzania. Sifa mbaya ya mashamba machache inaweza kutugharimu sote.

Kwa hiyo kabla ya kupulizia, fanya haya. Nunua daftari la vibarua: jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi aliyopewa, siku na malipo. Anayesema ametimiza 18 akuonyeshe namba ya NIDA au kadi ya mpiga kura. Kama hana, ulizia cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule ya msingi, na uandike ulichokiona. Mwenye shaka asiguse bomba. Wakulima watatu au wanne mnaopakana mnaweza kuchanga mkamlipa mpuliziaji mmoja mtu mzima mwenye buti, glavu na barakoa, azunguke mashamba yenu yote. Na ukiona mtoto anatumikishwa kwa jirani, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au afisa kazi wa mkoa.

Kuhusu yule aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea, kazi nyepesi mpe, ila muulize pia kuhusu VETA. Siku moja utahitaji fundi wa trekta, na afadhali awe yeye.

Kazi njema, na msimu mwema.