Ufundi Hauna Mkono

Wako wataalamu wanaotwambia kuwa Kiswahili ni maskini, na kwamba neno la Kiingereza dexterity, lenye maana ya wepesi na ustadi wa mikono, halina mwenziwe kwetu. Nasema tulifungue kwanza neno lenyewe, ndipo tulionee wivu.

Asili yake ni Kilatini, dexter, yaani kuume. Waingereza walilipokea katika karne ya 16. Stadi, basi, ni mwenye mkono wa kulia. Wa kushoto Kilatini kiliuita sinister, neno ambalo leo kwa Mwingereza ni la shari. Hata atumiaye mikono yote sawasawa huitwa ambidextrous: mwenye mikono miwili ya kulia! Wa kushoto haukupewa sifa hata ulipoifanya kazi.

Nasi tusijitape. Kulia ni mkono wa kulia chakula. Kuume ni upande wa mume. Na wa kushoto wako wauitao mkono wa kike. Lakini sifa ya kazi hatukuitundika mkononi. Fundi ni ndugu wa kufunda na mwanafunzi: ni mtu aliyefundwa. Ustadi unatokana na ustadhi, mwalimu. Kwa maneno kama hayo Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliitia katika Kiswahili riwaya aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa mwaka 1980, nayo imejaa kazi za mikono za watu wa ziwani.

Katika mwalo mmoja wa Mwanza nilimkuta mshonaji nyavu ashikaye sindano kwa mkono wa kushoto, na matundu yake yote sawa. Alinieleza kuwa shuleni alichapwa vidole mpaka akaihamisha kalamu. Kalamu ilihama, sindano ikakataa. Wala sangara hakuuliza fundo lilikazwa na mkono upi.

Adabu ya kula kwa mkono wa kulia ibaki mahali pake. Sinia si jarife. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, wala hawakutaja ni upi.

Basi, watunzi na wafasiri, mkikutana na neno hilo la Kiingereza msilikope wala msiliombee radhi. Semeni ufundi. Na mwalimu amchapaye mtoto kwa kuandika kwa mkono wa kushoto ajue kuwa anaupiga ufundi kabla hajaufunda.