Pembe zitoke daftarini

Mhariri,

Mjukuu wangu wa darasa la tano alinitajia pembe kali, pembemraba na pembe butu bila kukwama. Nikamwonyesha mlango ulioegeshwa, nikamuuliza hiyo ni pembe gani. Akakimbilia daftari!

Simlaumu. Ubaoni pembemraba huchorwa imekaa wima daima. Ukiigeuza kidogo, mtoto haitambui. Hata mraba ukisimamia kona moja, anakataa kuwa ni mraba.

Walimu, mwiteni fundi mwashi siku moja. Atapima kutoka konani futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, kisha atavuta kamba ya mshazari kati ya ncha hizo. Ikiwa futi 5 kamili, kona ina nyuzi 90. Kamba, vigingi vitatu na uwanja wenye vumbi vinatosha.

Babu wa mwanafunzi,
Morogoro