Umri pekee haulipi gari hadhi



Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na miaka 30 au zaidi, limetunzwa katika hali yake ya asili na halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Masharti mawili ya kwanza nayakubali. La tatu halitufai. Land Rover 109 zilizoacha kuundwa mwaka 1985 zilijipatia heshima huku Njombe kwa kazi: kupanda milima yenye utelezi, kubeba viazi na mbao hadi Makambako, penye stesheni ya reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Zambia. Kuzinyima hadhi kwa kuwa bado zinachapa kazi ni kuziadhibu kwa uimara wake.

Wapo watakaosema kila mkweche utadai heshima hiyo. La hasha! Uzee usio na historia ni uchakavu tu. Na Land Rover zilizofungwa injini ya Toyota? Injini huchakaa ikabadilishwa. Chesisi na bodi ndizo zinazobeba utambulisho wa gari. Tuyaenzi magari haya kabla hayajauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Msomaji wako,
Makambako