Mwacheni mdogo wangu asome kemia ya kompyuta

Hapa Kenton baridi imeshika na nimetoka zamu ya usiku, lakini silali mpaka niseme hili.

Nasikia kikao cha familia kimekataa mdogo wangu asisomee kemia ya kompyuta, eti kemia bila maabara ni mchezo. Baba mdogo, shikamoo, ila hapo napinga.

Mnamjua mjusi kafiri, anatembea darini bila gundi. Anashikwa na mivuto midogo mno kati ya molekuli za vidole vyake na za dari. Mmoja si kitu, mabilioni kwa pamoja yanambeba. Mivuto hiyo huitwa nguvu za London. Si kwa ajili ya mji huu, bali kwa Fritz London, mwanafizikia aliyeieleza mwaka 1930. Alikuwa Myahudi, akalazimika kuihama Ujerumani mwaka 1933. Mhamiaji mwenzangu!

Kupima maabara mvuto wa molekuli mbili tu ni kazi ngumu, ndipo kompyuta inapokokotoa. Mwaka 2006 watafiti wa Prague walitoa jedwali la jozi 22 katika makundi matatu: zinazoshikana kwa bondi za hidrojeni, zinazoshikana kwa nguvu za London, na za mchanganyiko. Maji mawili yalipata kama kilokalori 5 kwa moli, methani mbili nusu tu. Jedwali likawa mizani ya kupimia njia nyingine za hesabu. Zipo zilizotumika sana ambazo zilidharau hiyo nusu, zikaonyesha benzeni mbili zilizolaliana zinasukumana, wakati kweli zinavutana!

Faida yake? Njooni wodini. Aspirini hujifunga kabisa kwenye kimeng'enya cha chembe zinazogandisha damu, haibanduki mpaka chembe hizo zife, siku kama 10. Ibuprofeni hushikilia kwa mivuto midogo tu, huachia upesi. Ndiyo maana kabla ya upasuaji tunawauliza wagonjwa wamemeza ipi. Anayebuni dawa lazima ajue tofauti hiyo.

Kweli, hesabu isiyolinganishwa na majaribio haitoshi. Lakini maabara ni mamilioni, na programu kama Psi4 ni ya bure. Kijana wetu anaweza kuanza na kompyuta moja.

Nusu ya ada nitalipa mimi. Iliyobaki changeni, hata kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na mjusi kafiri ni shahidi.

Haya, nalala. Msalimieni bibi.