Dodoma si Mnara wa Kupokelea Sauti ya Dar

Juzi kwenye kundi moja la wasomaji mtu aliuliza, kwa utani ambao haukuwa utani: "Hivi Dodoma kuna fasihi gani, ukiacha zabibu na wabunge?" Watu wakacheka, vikatuni vya kucheka vikamwagika. Mimi sikucheka. Nimekulia Chang'ombe ya Dodoma, siyo ile ya Dar, na swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi tangu nikiwa mtoto wa kutumwa juu ya bati kugeuza antena. Leo nalijibu, na jibu langu linaanzia kwenye mnara wa televisheni. Nivumilieni.

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar walianza mwaka 1973. Huku Bara serikali ya Mwalimu iliiona ni anasa, tukabaki na redio kwa miongo miwili zaidi. Mlango ulifunguka mwaka 1994, vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, TvT, ilifuata karibu na mwaka 2000, nayo ikiwa Dar hiyo hiyo.

Sasa, mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Milima na umbali huyakata. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450 kwa barabara. Ndiyo maana mikoani ilibidi kuwe na vituo vya kuunganishia. Mtambo unapokea picha iliyotengenezwa kwingine, mara nyingi kwa ungo wa setilaiti, unaiongezea nguvu, kisha unairusha upya kwa masafa mengine hadi kwenye antena za mitaani. Kazi imeisha. Kituo cha namna hiyo hakihitaji studio, mtangazaji wala kamera. Kinahitaji umeme, fundi na mlinzi wa geti.

Sisi tuliishi mwisho wa safari hiyo. Saa mbili kasoro jioni mzee ananituma juu. Chini wanapiga kelele: "Bado! Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Nikishuka, chenga zimerudi. Tuliangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwenye chenga, tukijua foleni ya magari Dar imefika wapi, wakati hatukujua kama Bahi wamevuna mpunga au wamelala njaa. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mnara ule ulijengwa kufanya kazi upande mmoja. Tukasifiwa kwamba "mawasiliano yamefika Kanda ya Kati", na sisi tukashukuru, kumbe kilichofika ni masikio tu. Mdomo ulibaki Dar.

Najua nitajibiwa: bila minara hiyo msingepata habari, mpira, wala lugha ya pamoja na wenzenu. Kweli kabisa, na sipuuzi. Mama yangu alijifunza mengi kwenye chenga zile. Lakini mtu akikuletea maji kwa bomba halafu akakukataza kuchimba kisima chako, shukrani ina mpaka.

Mtasema tena: mbona Dodoma ilirusha? Bunge lilihamia huku mwaka 1996. Februari 2008, ripoti ya Richmond iliposomwa na Edward Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu, macho ya nchi nzima yalikuwa hapa. Sawa. Ila sauti hiyo haikuwa yetu, ilikuwa ya wageni waliokuja vikaoni. Kamera ilipiga picha ukumbini, ikafungwa begani, ikarudi Dar. Na hata hicho kidogo tuliona kilivyo chepesi: Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba TBC haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja, akitaja gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Tukabakiziwa kipindi cha usiku cha mambo yaliyorekodiwa.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2013, Dodoma ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuzimiwa analogia baada ya Dar. Tukaambiwa picha sasa itakuwa safi. Ikawa safi, kwa mwenye king'amuzi. Zamani ukiwa na antena mbovu ulipata chenga, lakini ulisikia. Kwenye dijitali hakuna nusu: unaona au huoni. Jirani yetu mmoja aliweka kitambaa cha kufuma juu ya TV yake, ikawa meza.

Sasa nirudi kwenu, wapenzi wa fasihi, maana ninyi ndio niliowaandikia. Tunafanya yale yale ya mnara. Tumeamua kwamba fasihi ya Kiswahili inatengenezwa Pwani, Zanzibar na chuo kikuu cha Dar, halafu bara linapokea. Eti Dodoma kuna fasihi gani?

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, Dodoma, mwaka 1917. Mgogo. Alipofariki mwaka 1969 alikuwa ameandika historia na mila za Wagogo na diwani ya mashairi. Zaidi ya hapo, alizikuza ngonjera hadi zikaingia kila shule ya nchi hii. Ninyi nyote mliosimama mstarini mkikariri ngonjera mbele ya mgeni rasmi, mlikuwa mnarusha kitu kilichotoka kwa mtu wa uwanda wa kati. Leo magari ya wakubwa yanapita upande wa Ihumwa kwenda Mji wa Serikali, Mtumba. Wangapi ndani ya magari hayo wanajua wanapita kwa nani?

Na Hukwe Zawose, mtu wa kijiji cha Doma, mpiga ilimba na zeze? Alisikika duniani kupitia Bagamoyo na kampuni ya muziki ya Uingereza. Sauti ya Ugogo ilizunguka hadi Ulaya ndipo wengi wetu tukaijua.

Sidai redio za makabila, na najua kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Mnyampala mwenyewe aliandika Kiswahili. Ninachodai ni kidogo. Serikali imehamia Dodoma. Kila kituo chenye mtambo huku kiwe na kipindi kinachotengenezwa huku, na watu wa huku, kuhusu watu wa huku, kisha kirushwe hadi Dar nao wakione. Wakipata chenga, wagezue antena.

Nanyi wahakiki, mkipanga orodha zenu za washairi kumi bora, tafuteni kwanza vitabu vya Mnyampala mvisome. Halafu yule ndugu aliyeuliza swali lake kundini, arudi aulize tena. Nipo, namsubiri.