Valvu ya Umeme: Tuichague kwa Akili



Mtu akifika ku dispanseri na kidole kilichopondeka, mara anasema: «Mashini imejifunga yenyewe.» Lakini mashini haina roho. Mimi namwuliza: valvu ya hewa ilikuwa ya namna gani?

Valvu ya umeme ni kitu kidogo. Umeme unaingia katika bobini, bobini inavuta chuma, njia inafunguka, na hewa ya kompresa inasukuma mlango wa tremi. Nguvu ile haijui jiwe wala mkono.

Kwa hiyo, tunapoichagua, bei isiwe neno la kwanza. Tuulize: umeme ukikatika, valvu itafanya nini? Ile ya tremi inapashwa kurudisha mlango kufungwa, si kuuacha wazi. Tena tusome maandishi yake. Bobini ya volti 24 ukiitia volti 220 itaungua. Na kuna valvu ambazo hazigeuki vema hewa ikiwa na nguvu kidogo.

Hata valvu nzuri inakwamishwa na maji na kutu ya mabomba. Tuweke kichungio mbele yake, na maji yamwagwe kila siku.

Mwishoni, valvu si mlinzi. Mbele ya kutia mkono: kata umeme, funga hewa, toa ile iliyobaki, tia kufuli. Mama na watoto wanangojea mkono mzima nyumbani. Valvu mpya inapatikana magazini, kidole hakipatikani.