Ukingo wa Mto Ufanywe Wakfu

Mtu asimamaye alfajiri mahali Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya mji wa Malindi, huona bahari yenye rangi mbili: huku samawati ya maji ya chumvi, na kule wekundu wa udongo uliosafiri mamia ya kilomita kutoka bara, na mpaka wa rangi hizo, ambao upepo wa kaskazi ukivuma husogea kusini kuelekea matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, ndio barua ambayo bara hutuandikia sisi wa pwani kila mwaka bila ya kutuuliza kama tuna haja ya kuisoma. Asubuhi moja ya karibuni nilikuta miguuni pangu kandambili moja ya mguu wa kushoto, vifuniko vya chupa vya rangi tatu, na kipande cha godoro kilichovimba kwa maji. Mvuvi mmoja aliyekuwa akikung'uta wavu wake aliniona nimeinama, akacheka. "Hizo ni salamu za Nairobi, mwalimu," akasema. "Tungezijibu, lakini maji hayapandi mlima."

Maneno ya mvuvi yule yalikuwa mzaha, lakini jiografia yake ilikuwa sahihi. Mto Nairobi huzaliwa katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita katikati ya jiji, ukakutana na ndugu zake Mathare na Ngong, kisha ukajitupa katika Athi. Nao Athi hupita Ukambani na Tsavo, ukabadili jina ukaitwa Galana, na ukikaribia bahari ukaitwa Sabaki. Ni maji yale yale yenye majina manne, kama msafiri aliyepewa jina jipya na kila nyumba aliyolala. Kwa insafu yapasa kukiri kwamba wingi wa tope tulionalo hutoka katika mashamba na miteremko iliyovuliwa miti, wala si jijini. Lakini uchafu wa jiji nao hauna njia nyingine ya kufuata ila hiyo. Kwa hiyo mtu wa pwani akitia neno katika habari za kingo za mito ya Nairobi, asidhaniwe kuwa ni mdukizi: anazungumzia kizingiti cha mlango wake mwenyewe.

Jina la Nairobi, kama ijulikanavyo na wengi, limetoka katika lugha ya Wamaasai, na maana yake ni maji ya baridi. Watu wa reli waliopiga kambi hapo mwaka 1899 waliyakuta maji yakistahili sifa hiyo. Hata baada ya nusu karne jiji lilikuwa bado na adabu ya maji: mwaka 1953 lilijengwa bwawa juu ya Mto Ngong, nalo likawa mahali pa tafrija ambapo mashua za tanga zilishindana, jambo ambalo sisi tuliolelewa na matanga hulisikia kwa tabasamu, maana hatukuzoea kufikiri kwamba huko milimani nako kuna manahodha. Leo bwawa hilo lililo ubavuni mwa Kibera limejaa tope na maji machafu, na gugu maji limetanda juu yake kwa kijani kibichi hata mgeni angeweza kudhani kuwa ni konde la mboga. Nani angepeleka mashua ya tanga katika konde?

Wako wasemao kwamba tafrija ni jambo la walioshiba, na kwamba jiji lenye watu zaidi ya milioni 4 kwa hesabu ya mwaka 2019, ambamo wengi wao hununua maji kwa mtungi, lina haja kubwa kuliko viti vya kupumzikia na njia za kutembelea. Hoja hii hupendeza kwa sababu huvaa kanzu ya huruma. Lakini ukiivua kanzu hiyo utaona kwamba iliyomo ndani yake ni dhuluma. Tajiri ana uwanja wa majani nyumbani kwake, na asipokuwa nao ana klabu. Aliye katika chumba kimoja pamoja na mke na watoto wanne, ambaye ukuta wake ni bati na mlango wake umeelekeana na mlango wa jirani kwa hatua mbili, ndiye asiye na ua wa kuketi jioni isipokuwa ule ambao mto ungempa. Na si raha peke yake. Viwanja vya Kamukunji, ambavyo havikai mbali na mto, viliyasikia maneno ya waliodai uhuru, na miaka mingi baadaye, tarehe 7 Julai 1990, jina lake likatajwa na waliodai vyama vingi. Watu wasio na mahali pa wazi pa kukutana hawana pa kuimba, pa kucheza ngoma, wala pa kuulizana habari za nchi yao.

Na wala isisemwe kwamba watu wa Nairobi hawajui kutunza walichopewa. Msitu wa Karura, ambao mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai alipigwa akiutetea usigawanywe kwa wajenzi wa majumba, ulikuwa siku hizo ni mahali pa kuogopwa. Leo familia huingia humo na vikapu vya chakula, wakakaa kando ya maporomoko ya maji wakasikiliza ndege. Korogocho nako, mkabala wa jaa la Dandora, vijana waliliondoa jalala la ukingoni kwa mikono yao wakapafanya bustani ya watoto kuchezea. Utashi upo, na mikono ipo. Lililokosekana ni jambo jingine, nami nitalieleza kwa habari ya mtu mmoja.

Marehemu John Michuki, ambaye Wakenya walimjua kwanza kwa kuzitia adabu matatu za nchi nzima, alikabidhiwa wizara ya mazingira mwaka 2008, akauelekezea Mto Nairobi ukali ule ule. Penye gereji na majaa karibu na mzunguko wa Globe pakaota nyasi, na bustani iliyopo hapo leo ina jina lake. Lakini alifariki mwaka 2012, na kabla watu hawajamaliza kumsifu, takataka zilikuwa zimekwisha kurudi, hata ikabidi mahali hapo pafanyiwe kazi upya mwaka 2020. Basi funzo ni hili, kwamba kazi iliyotundikwa juu ya bidii ya mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, huzikwa naye. Nilipata kusimama juu ya daraja dogo karibu na Gikomba nikamtazama kijana aliyevaa buti za mpira akivuta kwa reki mifuko na matambara kutoka katika maji meusi, nikamsifu. Akaniangalia bila ya kiburi wala furaha, akasema, "Mzee, hii ya leo nimetoa. Kesho bomba italeta ingine."

Sisi wa pwani tuna neno ambalo naliona kuwa ndilo dawa ya maradhi haya, nalo ni wakfu. Mtu akitoa kisima, au shamba la minazi, au nyumba, akaifanya wakfu, basi tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi hiba. Manufaa yake huwaendea wale waliokusudiwa kizazi baada ya kizazi, na msimamizi wake hana haki ya kula hata dafu moja zaidi ya fungu lake, maana yeye ni mwenye amana wala si mwenye mali. Visima vya namna hiyo vimewanywesha wapita njia ambao hawakupata kulijua jina la mtoaji. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekaribia sana fikira hii, kwa kuwa ibara ya 62 imeitaja mito kuwa ardhi ya umma, na ibara ya 42 imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini ardhi ya umma katika vinywa vya wengi imegeuka kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, na isiyo na mwenyewe aghalabu hupata mwenyewe usiku.

Kuufanya ukingo kuwa wakfu kuna masharti yake. La kwanza ni maji kabla ya bustani. Hakuna haja ya kupanda maua kando ya mto unukao, wala kuweka kiti ambacho mtu hataweza kukikalia ila ameziba pua. Mabomba ya maji machafu yafungwe na yaelekezwe kwenye mitambo ya kuyasafisha, viwanda vilazimishwe kusafisha maji yao kabla ya kuyaachilia, na taka za vitongoji zizolewe mlangoni, kabla ya jiwe la kwanza la njia ya kutembelea kuwekwa. Singapore ilifuata mpango huo: mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew alitoa muda wa miaka 10 mto wa mji huo usafishwe, na muda ule ulitumika kujenga mifereji ya maji machafu, kuondoa mifugo, kuwahamishia watu katika nyumba, na kuwapa wachuuzi masoko yenye maji na paa; starehe ya ukingoni ilikuja nyuma, kama harufu nzuri ijavyo nyuma ya aliyekwisha kuoga.

Sharti la pili ni kipimo kimoja. Upana wa hifadhi ya mto umekuwa ukitajwa mita 6 hapa na mita 30 pale, na ukingo upimwao kwa kamba mbili humwonea mwenye sauti ndogo. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 tingatinga ziliingia Mathare na Mukuru, na watu waliokwisha kunyang'anywa na maji wakanyang'anywa tena na chuma. Sibishi kwamba hapo hapakuwa mahali pa kujenga. Mto haujui huruma, nao hurudi kuchukua kilicho chake. Lakini kamba iliyofika kwenye kibanda cha bati ifike na kwenye ghorofa, na ahamishwaye aonyeshwe pa kwenda kabla ya kuonyeshwa pa kutoka. Wala asitolewe leo kwa jina la bustani, kesho akasikia kwamba pale palipokuwa jiko lake panauzwa kahawa asiyoweza kuinunua.

La tatu ni msimamizi na daftari, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Machi 2025 serikali ilizindua mpango wa kuihuisha mito ya Nairobi, uliotajwa kugharimu shilingi bilioni 50 kwa kipande cha kilomita 27 hivi, na tume ya mito ilikwisha kuundwa kabla yake. Ni jambo la kheri, nalo lastahili kuombewa dua kuliko kubezwa. Lakini mradi una siku ya kwisha, na wakfu hauna. Kila kipande cha ukingo kiwe na baraza ya wakazi wa hapo hapo, wakiwemo vijana waliokwisha kuvaa buti za mpira bila ya kuamriwa na mtu, yenye fungu lake la fedha linalojulikana na hesabu zinazobandikwa ukutani; na hali ya maji ipimwe kila mwezi, itangazwe kama itangazwavyo bei ya mafuta, ili mwananchi asiye mtaalamu ajue kama mto wake umepata nafuu au umezidiwa.

Nayasema haya kwa heshima, ewe msomaji wa Nairobi, kwa kuwa wewe ndiwe uliye juu na mimi ndimi niliye chini, na aliye chini ya mkondo hana silaha ila maneno. Siku mtakaposema kazi imekwisha, msituletee picha za uzinduzi. Njooni Sabaki mtazame kilicholala mchangani.